Alasiri Moja na Simu Yake

Mwezi uliopita, adhana ya alasiri ikikaribia, aliingia dukani kwangu msichana wa miaka 23, kafuatana na mamake na shangazi yake. Duka langu liko Mombasa, mlango mmoja tu: kompyuta nne, feni, na mashine ya fotokopi ambayo ikifika nakala ya kumi huanza kukohoa. Watu bado huliita saiba, ijapokuwa intaneti siku hizi kila mtu anayo mfukoni. Kwangu wanafuata karatasi. Msichana alitaka nakala sita za pasipoti, na mkataba wa kazi aliotumiwa na wakala kwenye WhatsApp achapiwe. Ndege ilikuwa kesho yake usiku. Anakwenda Riyadh, kazi za nyumbani.

Simu yake ilikuwa mpya, ile nailoni ya kiwandani haijabanduliwa kwenye kioo. Mkataba ulikuwa umepigwa picha upande upande, maandishi hayasomeki, nikamwambia amwombe wakala autume upya kwa imeili. Imeili anayo, akasema, lakini alifunguliwa na kijana wa saiba nyingine wakati wa kuomba pasipoti. Neno la siri? Halijui. Namba iliyotumika kuifungua? Laini ile ilipotea Ramadhani. Nikamuuliza, namba ya mama umeiweka wapi? Kwenye simu. Na kichwani? Akacheka, mamake naye akacheka, shangazi akawashinda wote wawili. Katika watu watatu wa nyumba moja hapakuwa na aliyeijua namba ya mwenziwe kwa moyo.

Shangazi akanisimulia habari za sanduku. Lilipangwa kwa wiki tatu, likapanguliwa, likapangwa tena: madira, dawa ya kichwa, kanga mbili za kumkumbusha kwao, pilipili ya kusaga, hata miswaki ya mti. Kila jirani aliyepita alikuwa na la kuongeza. Lakini simu, ambayo kule ndiyo itakayokuwa mlango wake na benki yake na mahali pa kulilia, haikupangwa hata dakika tano.

Ndugu zangu, nimekuja kwenu na ombi dogo. Kila mmoja wetu anayejua kutumia simu kumshinda kidogo jirani yake, ampe anayesafiri alasiri moja. Mkae chini, chai iwepo, na simu yake muipange kama mlivyopanga sanduku. Siombi mchango wa fedha wala kamati.

Kabla sijaeleza alasiri hiyo ina nini, niseme nimesimama wapi, maana hapa kwetu habari za kwenda Uarabuni hazizungumzwi bila watu kupandishiana sauti. Baraza la jioni nje ya duka langu limejaa wazee wanaosema wasichana wasiende kabisa, na wengi wa wazee hao walikuwa mabaharia, walioona bandari nyingi kuliko mimi nilivyoona vituo vya matatu. Sikubaliani nao, na wanajua. Mji huu umejengwa na watu wa kuja na kuondoka. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Oman na Ghuba, kusi ikayarudisha, na kila msimu kuna aliyepanda na kuna aliyebaki akaoa. Hata intaneti yenyewe imepita njia hiyo hiyo: waya wa TEAMS, uliofikishwa Mombasa chini ya bahari mwaka 2009, unatokea Fujairah, huko Falme za Kiarabu. Kabla yake tulitegemea setilaiti, ghali na ya kujikokota. Nakumbuka nikilipisha shilingi moja kwa dakika, na mteja anamaliza shilingi kumi ukurasa haujafunguka.

Wala marufuku hayajatusaidia. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilisimamisha upelekaji wa watumishi wa nyumbani Mashariki ya Kati, ikaja kufungua tena mwaka 2017. Miaka yote hiyo nilikuwa hapa hapa nikichapa karatasi. Watu hawakuacha kuondoka, ila waliondoka kimya kimya, na aliyeondoka kimya kimya hana pa kwenda kulalamika. Na riziki nayo inazungumza. Kwa hesabu za Benki Kuu, Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024. Marekani inaongoza kwa mbali, lakini Saudi Arabia nayo haiko nyuma. Karo za watoto wa mtaa huu najua zinatoka wapi, kwa sababu risiti zake nachapa mimi.

Basi mtu akitaka kwenda, aende. Asiende gizani tu.

Sasa niseme kosa langu, maana nisiposema mimi wapo watakaonisemea. Maombi ya pasipoti yalipohamia mtandaoni, kwenye eCitizen, kila mwombaji alihitaji imeili, na wateja wangu wengi hawakuwa nayo. Foleni ilikuwa inafika nje kwenye jua. Nikawa nawafungulia imeili za chapuchapu kwa laini za duka, na neno la siri moja kwa wote: jina la duka na mwaka. Hakuna aliyelalamika. Wengine walinishukuru na kuniombea dua. Niliona ninasaidia.

Alfajiri moja nikapata ujumbe kutoka namba ya Saudi Arabia nisiyoijua. Alikuwa mteja wangu wa zamani, yuko Jeddah, simu yake imevunjika, ameazima ya mwenziwe. Mshahara wa miezi minne hajalipwa, na ubalozini ameambiwa alete mkataba. Mkataba umo ndani ya imeili niliyomfungulia. Kila akijaribu kuingia, Google wanatuma tarakimu za kuthibitisha kwenye laini ya duka, na laini hiyo nilikuwa nimempa kijana wa kazi, naye aliacha kazi akaondoka nayo. Kumtafuta yule kijana, kumpata Voi, kumbembeleza aipachike laini kwenye simu, kulichukua siku tisa. Siku tisa mtu amekaa nchi ya watu, haki yake iko kwenye droo ambayo ufunguo nilimkabidhi mtu mwingine nikasahau.

Aliporudi nyumbani alipita dukani. Hakunilaumu. Alininunulia soda. Afadhali angenitukana.

Kwa ambaye hajakaa karibu na mambo haya, nieleze kwa nini simu ina uzito kiasi hicho kule. Nchi za Ghuba hutumia utaratibu wa kafala: ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa kafili wake, mwajiri aliyemleta. Akitoka kwa kafili bila ridhaa yake, anaweza kuhesabiwa mtoro na kukosa haki ya kukaa nchini. Qatar imelegeza kamba. Tangu Januari 2020 hata mtumishi wa nyumbani anaweza kuondoka nchini bila kibali cha mwajiri. Saudi Arabia nayo ilifanya mabadiliko Machi 2021, lakini mabadiliko hayo yaliwaacha nje watumishi wa nyumbani, yaani hawa hasa wanaopanga foleni dukani kwangu. Huko kuna programu ya serikali iitwayo Absher, ambayo mwenye nyumba akiwa amekaa kwenye zulia lake anaweza kumtolea mfanyakazi viza ya kutoka nchini na kurudi, au asimtolee. Jaribu kuiona nyumba hiyo. Ndani yake kuna simu mbili. Moja ina ruhusa ya mtu kuondoka. Nyingine haina hata imeili.

Majirani zetu wa Tanzania wanayajua haya pia. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikwa, mishahara kukatwa au kutolipwa, kazi bila siku ya kupumzika. Na Oman ni nchi ambako ukitembea sokoni Muscat unaweza kuamkiwa kwa Kiswahili fasaha na mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Udugu upo, na dhuluma ipo. Sitasema kila anayekwenda anateswa, kwa kuwa si kweli. Mtaani kwangu kuna nyumba tatu za mawe zilizojengwa na wanawake waliofanya kazi miaka sita, saba, kwa waajiri wanaowapigia simu hadi leo kuwapa mkono wa Idi.

Tuje kwenye alasiri yenyewe.

Anzeni na imeili, iwe ya kwake, kwa jina lake, na neno la siri alitunge mwenyewe. Wewe geuza uso anapoliandika. Kule kwenye namba ya kurejeshea akaunti, isiwekwe ya kwako wewe mtaalamu. Iwekwe ya mtu wa nyumbani asiyebadilisha laini kila mwezi, kwa kawaida nyanya au shangazi. Kisha pigeni picha pasipoti, viza, mkataba kurasa zote hata zile za Kiarabu tupu, kadi ya wakala wa huku na jina la ofisi ya wakala wa kule. Picha ziende kwenye imeili hiyo, na ziende pia kwa watu wawili wa nyumbani. Simu ikinyang'anywa au ikitumbukia ndooni, karatasi ziko salama kwao.

Kuhusu wakala, kabla hata ya fedha kutoka mkononi: Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huweka mtandaoni orodha ya mawakala waliosajiliwa. Itazameni pamoja. Jina lifanane herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli wanapenda majina yanayokaribiana na ya watu wenye leseni kama pacha na pacha. Kukagua hakumalizi dakika kumi. Nimeona watu wakiuza ng'ombe kumlipa mtu ambaye jina lake halimo.

Halafu namba. Namba tatu zikae kichwani: ya mama, ya mtu mmoja mwenye busara, na ya ubalozi wetu Riyadh au popote anapokwenda. Mimi humwimbisha msafiri kama watoto wa chuoni wanavyohifadhi Kurani, kwa sauti, kwa kuyumba, mpaka inakaa. Watu hucheka sana hapa. Acha wacheke, wakicheka wanashika upesi.

Mahali pa kukaa huko ndipo wengi wetu tunaposahau. Anayefika kwa kafili hufika usiku, kwa gari, hajui mtaa wala namba ya nyumba. Baada ya mwezi mambo yakiharibika anatuma sauti: niko nyumba kubwa nyeupe karibu na msikiti. Ubalozi utaitafutaje hiyo nyumba, na Riyadh nzima ina nyumba nyeupe na misikiti? Mfundisheni kutuma mahali alipo kwa WhatsApp, kile kialama chekundu cha ramani, na afanye hivyo usiku ule ule wa kwanza, angali na chaji na bando la uwanja wa ndege. Mzoezeni hapo hapo: atoke nje hadi kona, atume, mumfuate kwa ramani. Watoto wanaupenda mchezo huu kuliko wakubwa.

Laini ya nyumbani nayo muiamulie. M-Pesa na benki hutuma tarakimu zao huko, na laini isiyotumika kwa muda mrefu kampuni huweza kumpa mtu mwingine. Akienda nayo, basi aiweke hai. Akiiacha, aiache kwa mtu ambaye angempa ufunguo wa kabati, na isiwe kwa yule binamu anayependa kubahatisha matokeo ya mpira.

Wanaokwenda Dubai na Abu Dhabi wana jambo lao. Falme za Kiarabu zimezuia simu za sauti na video kupitia WhatsApp. Ujumbe wa maandishi unakwenda, mazungumzo hayaendi. Watu hutumia programu zenye idhini huko, kama BOTIM. Saudi Arabia nayo ilitangaza mwaka 2017 kuzifungua simu za mtandaoni kwa programu zinazotimiza masharti yake. Kama hujui hili, unaweza kuumwa na moyo bure. Mama mmoja alikuja kwangu macho mekundu: bintiye anaandika meseji kila siku lakini akipigiwa hapokei, basi ameshaamini kuwa aliyeshika simu ni mtu mwingine. Tukaweka programu ile nyingine, na baada ya dakika ishirini mama na binti walikuwa wanagombana kwa video juu ya kodi ya nyumba, raha tupu. Kuna vijana hapa mjini wanaouza maujanja ya kupenya kizuizi hicho, VPN na mengineyo. Watakuwa wapi huyo binti akiulizwa na polisi? Sheria za mtandao za huko ni kali. Kumpiga mtu picha au kumrekodi bila ridhaa yake ni kosa kwa sheria yao ya 2021. Apige picha vitu vyake mwenyewe: mkataba, karatasi ya mshahara, kitanda anacholalia. Asiwarekodi watoto wa watu wakicheza, hata kama wanapendeza.

Na la mwisho katika alasiri hiyo, neno la nyumbani. Chagueni swali la kawaida ambalo likiandikwa kwenye simu inayosomwa na wengine halitamshtua mtu, lakini nyinyi mtajua kuwa mambo yameharibika. Nitarudi kwa hili.

Hizo ni saa mbili, tatu mkiwa na maneno mengi.

Upo ubaya mwingine ambao hauhitaji saa mbili, unahitaji kidole kitulie. Miaka hii vijana wetu, tena wenye diploma, wameitwa Thailand kwa kazi za kompyuta na huduma kwa wateja. Tangazo hufika kwenye kundi la WhatsApp la familia, limetoka kwa mtu mnayemjua, naye kalitoa kwa mtu anayemjua. Tiketi ya Bangkok inalipwa. Kutoka hapo gari hadi Mae Sot, mpakani, kisha mto unavukwa na mtu anajikuta Myanmar, ndani ya majengo yenye ukuta na walinzi, analazimishwa kuwatapeli watu wa nchi nyingine kwa simu usiku kucha. Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti vilivyokuwa vikivuka kwenda upande ule, na maelfu ya watu wakaanza kutolewa maeneo ya Myawaddy. Walikuwamo Wakenya, Waganda, Waethiopia. Tapeli wa mtandaoni tunayemlaani huenda naye ni mtoto wa mtu aliyeitikia tangazo.

Kwa hiyo ukiona tangazo lina ile mishale miwili ya WhatsApp, inayoonyesha kuwa limeshasambazwa mara nyingi, lisimamie kwako. Mwulize aliyekutumia swali moja: wewe mwenyewe unamjua mtu aliyekwenda akapata kazi hiyo, na uliongea naye? Mara tisa kati ya kumi atanyamaza. Tangu 2020 WhatsApp wenyewe wamezuia ujumbe wa namna hiyo usitumwe kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa wakati mmoja. Kampuni ya watu wasiotujua imeona haya, sisi tunashindwaje?

Hali kadhalika zile video. Mnazijua. Msichana yuko bafuni kwa mwajiri, analia, anaomba asaidiwe, uso wazi. Zinapita makundi manne kabla ya chakula cha mchana, kila kundi na vikatuni vya kulia. Na mwajiri naye ana WhatsApp. Video kama hiyo ikikufikia, itume kwa jamaa zake, kwa Wizara ya Mambo ya Nje, kwa mtu mwenye uwezo wa kupiga simu ubalozini, kisha ifute. Huruma ya kusambaza imewahi kumponza aliyehurumiwa.

Nimesema sana juu ya watu wetu wanaokwenda. Kuna anayekuja, na hapa najua nitawaudhi baadhi.

Pale kona ya duka kuna kijana wa Burundi anayetembeza njugu na kahawa. Anatoka Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, na chake kina utamu wake. Mara ya kwanza nilidhani Mkongo. Nchi yake imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza Julai 2010 inazungumza vizuri kabisa juu ya watu wa Jumuiya kwenda kufanya kazi kwa wenzao. Karatasi za kibali ni habari nyingine. Alikuja siku moja kuniuliza kama naweza kumrudishia namba ya siri ya M-Pesa. Laini si yake. Imesajiliwa kwa jina la mtu anayempa njugu za kuuza, na akiba yake ya miezi saba imo humo. Waligombana, mwenye jina akabadilisha namba ya siri, basi. Hana pa kushtaki, kwani mbele ya kampuni fedha ni za mwenye jina.

Nilikaa na jambo hili usiku mzima. Nimekuwa nikilaani kafala kwa miaka, na kumbe ipo mita mia mbili kutoka dukani kwangu, kafili wake ananiamkia kila asubuhi.

Haikuishia hapo. Mwaka jana mtoto wa jirani alipotea mchana mmoja, na kundi la mtaa likapokea sauti ya mtu asiyejitaja ikisema wageni wa njugu wanaiba watoto. Mtoto alipatikana magharibi kwa nyanya yake Likoni, amelala. Sauti ile ilikuwa imeshafika Kisauni na Changamwe. Kijana wangu wa Buyenzi hakutoka ndani siku tatu. Habari kwamba mtoto ameonekana haikusambazwa na mtu, maana haikuwa na utamu.

Ninachoomba kwa ajili yake ni kile kile ninachomwombea msichana wa Riyadh. Mgeni mwenye pasipoti au kitambulisho cha mgeni, mfuatane naye hadi dukani asajiliwe laini kwa jina lake, na namba ya siri aijue yeye peke yake. Asiye na karatasi, mwonyesheni ofisi inayotoa, msimwekee jina lenu mkamshika mateka. Na sauti isiyojitaja ikiingia kwenye kundi, msimamizi wa kundi, wewe unayependa kuitwa admini, ifute.

Maimamu, wachungaji, wenyeviti wa vyama vya kina mama: nyinyi ndio mnaojua nani anasafiri wiki hii, kwa sababu huja kuombewa. Baada ya dua mwulizeni swali moja la kidunia: simu yako umeipanga? Walimu wa sekondari, wale wanafunzi wenu wa kidato cha nne wanaokaa bure tangu mtihani uishe ndio mafundi hasa, wananishinda mimi. Wenzangu wa saiba, na tuache kuwafungulia watu imeili kwa laini zetu, foleni ichelewe.

Mimi nimeanza Alhamisi, baada ya alasiri, mlangoni kwangu. Viti vinne ni vyangu na viwili vya kuazima kwa kinyozi. Hailipiwi. Ukija lete chaja yako na mtu wa nyumbani, maana kazi ya nusu saa ya kwanza ni ya huyo anayebaki.

Na yule msichana wa Riyadh? Siku ile nilimchapia karatasi zake nikapokea pesa yangu, wakaondoka. Nilifunga duka magharibi, nikaona haya, nikauliza nyumba. Tulikaa kwenye mkeka hadi saa nne usiku, sanduku limefungwa kamba linatutazama. Namba tatu alizishika kwa kuimba, shangazi akiitikia. Neno la nyumbani walilichagua wao: akiandika kuuliza kama paka amezaa, wajue. Nyumba ile haijawahi kufuga paka.

Alifika salama. Kialama cha ramani kilikuja usiku wa kwanza, mtaa wa upande wa mashariki wa mji, na mamake akakiandika kwa peni nyuma ya kalenda kama anwani ya posta. Siku hizi kila ujumbe ukiingia huja dukani nimsomee, macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo. Tumekwisha soma habari za baridi, za watoto wanaokataa kula, za mshahara wa kwanza. Kabla sijaanza kusoma hunishika mkono, aniulize kwanza kama kuna paka.